Pipa Lililomwagiwa Maramu

Vijana wangu, kabla hamjagusa mashine yoyote, nuseni. Hilo ndilo somo la kwanza nililopewa katika kazi ya kupima maji na udongo. Nimestaafu sasa, magoti yangu yalitangulia kustaafu, lakini pua bado ninayo, na ninamshukuru Mungu kwa hiyo kila asubuhi, hata zile asubuhi ambazo jirani yangu anahamisha mbolea ya nguruwe.

Mwalimu wangu wa pua alikuwa Bwana Njeru, mtu wa Embu, mkuu wa maabara yetu ndogo mjini Meru. Alikuwa mtu wa maneno machache. Ukimletea chupa ya maji, aliifungua, akanusa, akaifunga, kisha akakuambia kisima kiko upande gani wa choo. Mashine zilifuata baadaye kuthibitisha tu, kama karani anayegonga muhuri. Nilipokuwa bado mgeni kazini nilitumwa Laare kuchota maji ya chemchemi moja iliyo katikati ya mashamba ya miraa. Chupa zangu zilivunjika njiani. Kwa kuwa sikutaka kurudi mikono mitupu, nilinunua soda ya nanasi, nikainywa, nikaisuuza chupa kadiri ya imani yangu, nikajaza maji. Bwana Njeru alinusa, akaifunga chupa, halafu akaniuliza kwa upole kama siku hizi mvua ya milima ya Nyambene inanyesha ikiwa na nanasi. Hakunigombeza. Alinipa chupa nyingine na nauli, nikarudi Laare.

Alinifundisha pia kuiogopa hewa. Maji yanayotoka chini sana ya ardhi hayajawahi kukutana na hewa, na yakikutana nayo hubadilika kama mtu aliyepewa cheo. Kwa hiyo unajaza chupa mpaka ifurike, unafunga, unaipindua na kuitazama kwenye mwanga. Ukiona povu linapita ndani kama jicho la samaki, unamwaga yote na kuanza upya. "Povu moja, uongo mmoja," alikuwa akisema. Nimemwaga maji mengi maishani mwangu kwa sababu ya sentensi hiyo.

Nimeanza na Bwana Njeru ili muelewe mambo ya Kianjai, ambako kisima cha akina mama nusura kizibwe kwa simiti, na kilichotupeleka ukingoni na kuturudisha kilikuwa hewa, uvundo na heshima kwa wageni.

Kisima chenyewe kilichimbwa na kikundi cha akina mama, chini kidogo ya kanisa lao, upande ule wa Kianjai unaoteremka kwenda kwenye ukame. Mwenyekiti wao aliitwa Mama Kendi, mama mwenye sauti inayofika kabla yake. Kwenye paji la uso wake kulikuwa na bonde dogo, alama ya mkanda wa kubebea maji. Mama zetu, kama mjuavyo, walibeba mitungi mgongoni na mkanda ukapita juu ya paji, na ukibeba tangu utotoni mfupa wenyewe unakubali yaishe. Mama Kendi alikuwa akiwaita wajukuu wake mbele ya wageni, anawapapasa mapaji ya uso mmoja mmoja, na kusema kwamba hivi ndivyo kisima kilivyo: laini. Kabla ya kisima walikuwa wakiteremka mtoni na kupanda na mitungi. Baada ya kisima waliacha.

Kisha maabara yetu ikapima maji yale na kukuta urani, yale madini yanayotajwa pamoja na mabomu ya nyuklia.

Nilitumwa mimi kupeleka habari, labda kwa sababu nilikuwa mzee wa kanisa na waliamini nimezoea kuzungumza na watu wenye huzuni. Huzuni sikuikuta. Nilikuta watu wamesimama mbali na ndoo. Mzee mmoja alikuwa amezima simu yake asije akakilipua kisima, na punda wa jirani alikuwa amehamishwa mpaka ng'ambo ya barabara. Niliwaeleza kwamba urani hii haikuletwa na adui. Imo ndani ya mawe ya chini tangu Mungu alipoyaweka, na maji yanayopita kwenye mawe hayo huichukua kidogo kidogo. Hailipuki. Ubaya wake ni kwamba ukiinywa miaka mingi, figo zinaumia. Yule mzee akauliza kama basi anaweza kuwasha simu. Nikamwambia awashe. Akaiwasha akiwa ameunyoosha mkono mbali na mwili, na uso ameugeuza pembeni.

Afisa wa maji wa kaunti alikuja akiwa na barua mkononi na jibu lililokwisha kuiva: kisima kizibwe. Sitamlaumu. Mtu aliyepewa dawa moja huona ugonjwa mmoja, na yeye alikuwa amepewa simiti. Mama Kendi hakubishana. Alimwita mjukuu wake mdogo, akamsimamisha mbele ya Afisa, akamwambia apapase paji la mtoto, kisha apapase la kwake. Afisa alipapasa la mtoto. La Mama Kendi aliliogopa. Lakini alikubali kusubiri, kwa sababu siku hiyo tulikuwa tumekuja na Daktari Kathure.

Daktari Kathure ni binti wa wakulima wa kahawa wa Githongo, na nilimfundisha Shule ya Jumapili alipokuwa hajafika hata kwenye kitasa cha mlango. Sasa anafundisha chuo kikuu na anachunguza viumbe wadogo wanaoishi udongoni. Mbele za watu mimi humwita Daktari, naye huniita Mwalimu, na sisi wawili huona raha sana.

Sikilizeni sasa alivyonieleza, maana hili ndilo jambo lenyewe. Chini ya ardhi, mahali pasipo na hewa, kuna bakteria. Wanahitaji kupumua kama wewe na mimi, lakini hewa hawana, basi wanapumua mawe. Wengine wanapumua kutu ya chuma. Wengine manganisi, yale madini meusi. Na wengi wao, wakikosa kingine, wanapumua hata urani. Bakteria anapoipumua urani haiondoki duniani, ila inabadilika tabia. Ile iliyokuwa imeyeyuka na kutembea na maji inakaa chini, inagandamana na udongo na kutulia. Nilimwambia hii ni sawa na watoto wa Shule ya Jumapili wanapopewa mandazi. Akasema mfano huo atautumia chuoni, nami nikajiona kama profesa.

Lakini bakteria hawafanyi kazi hiyo popote. Yote yanategemea wamelala kwenye udongo gani. Kukiwa na chokaa nyingi, chokaa inaishika urani mkono na kutembea nayo majini, na bakteria wanashindwa kuikamata. Udongo wa mfinyanzi una mambo yake. Mchanga ni mpole. Kwa hiyo Daktari alitega mapipa matatu kando ya kisima, yakafukiwa ardhini mpaka shingoni: moja la mchanga wa mtoni, moja la udongo mweusi wa mfinyanzi, moja la mchanga uliochanganywa na chokaa. Katika kila moja tulitia tope la chini kabisa ya kisima, ambamo bakteria wenyewe walikuwa wakiishi. Maji ya kisima yaliingia kwa mpira kutoka chini ya pipa, yakapanda polepole, yakatoka kwenye bomba la juu. Vifuniko vilifungwa kabisa, hewa isiingie. Kisha tuliwalisha molasi, ile ile wanayopewa ng'ombe.

Kazi ya kulisha ilikuwa yangu. Nilistaafu nikiwa nimelisha ng'ombe, kuku, sungura na bakteria, na nawaambia hakuna mfugo asiye na shukrani kama bakteria. Mbuzi wa Mama Kendi walitambua harufu ya molasi na wakawa wananisindikiza kutoka barabarani mpaka kisimani kama askari wa mheshimiwa.

Baada ya wiki chache pipa la mchanga likaanza kunuka. Ulikuwa uvundo wa mayai viza, mzito, wa kukaa kwenye nguo. Nilipounusa nilivua kofia. Uvundo ule, vijana, ndio habari njema yenyewe: maana yake hewa imekwisha kabisa ndani, na bakteria wa chini wamechukua usukani. Tulipima, na urani katika maji yanayotoka pipa la mchanga ilikuwa imeshuka kweli. La mfinyanzi lilikuwa linajikokota. La chokaa lilikuwa kama halijaambiwa kitu. Daktari aliandaa siku ya wageni. Afisa angekuja na wakubwa wake, wangeona, na neno la simiti lingewekwa kando.

Hapa ndipo utamaduni wetu ulipoingia.

Ninyi mnajua kwamba huku kwetu mgeni mkubwa hafiki mahali pasipomwagwa maramu. Barabara inaweza kukaa na mashimo mpaka watoto wazaliwe, wakue na waoe, lakini mheshimiwa akitajwa tu, lori linatokea na ule udongo mwekundu wa changarawe unamwagwa na kusawazishwa, na nchi inapendeza kwa siku moja. Hakuna anayeagiza. Ni adabu. Mama Kendi na kikundi chake walipata maramu nzuri kutoka machimbo ya jirani, nyekundu kama tandiko la harusi. Walimwaga njiani, wakamwaga mbele ya kanisa, wakazunguka kisima. Walipofika kwenye mapipa, walisimama.

Pipa la mchanga lilikuwa linanuka mbele ya wageni.

Waliitana, wakashauriana. Mama Kendi alinieleza baadaye kwamba walifikiria kunipigia simu, wakaona si vizuri kumsumbua mzee kwa jambo la usafi. Wakafungua kifuniko. Wakaona tope jeusi la kutia aibu. Wakatoa ndoo kadhaa za tope hilo, wakatia maramu mahali pake, wakachanganya kwa mti ili lisinuke tena, na juu wakapanda maua.

Nilifika asubuhi hiyo nikiwa na suti yangu ya ubatizo wa wajukuu. Niliona njia nyekundu, kanisa limezungukwa na wekundu, na kando ya kisima, kati ya mapipa mawili meusi, pipa moja lenye maua ya manjano likiyumba kwa upepo. Sikunusa kitu. Niliinama mpaka pua ikagusa ua, na bado sikunusa kitu ila ua. Nawaambieni, harufu nzuri haijawahi kunitisha namna ile.

Daktari Kathure alifika, akatazama pipa, akanitazama mimi, akaketi kwenye jiwe. Mama Kendi alikuwa amesimama pale akisubiri kusifiwa.

"Mama," Daktari akasema polepole, "ni nani amepanda maua?"

"Ni sisi, mwanangu. Lilikuwa linawaaibisha. Na mbolea ya dukani ninayo hapa mfukoni, nilikuwa nasubiri mtie neno ndio niinyunyize."

Nilimwomba Mama Kendi anipe hiyo mbolea niishike mimi. Niliishika siku nzima. Bakteria wale wangepata mbolea wangeipumua hiyo kwanza na kusahau urani kabisa, na nilihisi kama nimeshika njiti ya kiberiti karibu na mtungi wa petroli.

Wageni walikuja, wakalisifu lile pipa la maua, kisha maji yakapimwa. Urani ilikuwa imerudi karibu yote. Afisa alitazama matokeo, akatazama maua, akasema kwa huruma kwamba maua ni mazuri. Halafu akasema simiti italetwa maharagwe yakishavunwa, ili akina mama wasichanganyiwe kazi mbili kwa wakati mmoja. Alikuwa mtu mwema kwa njia yake.

Wageni walipoondoka Mama Kendi aliuliza ni kosa gani limefanyika. Daktari alitaka kumweleza habari za chuma na elektroni, lakini nilimwona Mama Kendi amekunja uso, na lile bonde la paji limezama zaidi. Nikaomba ruhusa nieleze mimi.

Nikamwambia afikirie harusi. Kuna mukimo, vile viazi vilivyopondwa na mahindi, na kuna nyama. Ukiweka mukimo peke yake, wageni watakula mukimo na kushukuru. Ukiweka na sinia la nyama, nani atagusa mukimo? Urani ndiyo mukimo. Maramu imejaa kutu ya chuma, na kwa bakteria wetu kutu ni nyama. Tumewawekea sinia zima la nyama, na mlango tumeufungua hewa ikaingia, nayo ikaiamsha urani iliyokuwa imeketi.

Mama Kendi alikunjua uso. Kisha akasema kwamba katika harusi alizozipika yeye, nyama huisha. Na ikiisha, watu hurudi kwenye mukimo.

Daktari Kathure alisimama kutoka kwenye jiwe. Alikuwa amepanga kulifumua lile pipa na kuanza upya, lakini maharagwe hayangesubiri, na kila ukifumua hewa inaingia tena. Tukang'oa maua tu, tukamrudishia Mama Kendi ayapande kwingine, tukafunga kifuniko, tukaongeza molasi. Tukasubiri.

Kungoja ni kazi, vijana. Hakuna mashine ya kungoja. Kila nilipokwenda kulisha, mbuzi wakiwa nyuma yangu, Mama Kendi alikuwa ameketi kando ya pipa akinyambua maharagwe machanga, na swali lake lilikuwa lilelile. Alikuwa anauliza kama wamemaliza nyama. Nilikuwa nachota kidogo, natazama, namjibu kwamba bado wanatafuna mifupa. Alianza kuwakasirikia. Alisema hajawahi kuona wageni walafi kama hao, na kama wangekuwa wa ukoo wake angewaambia. Nyumbani nilikuwa naomba sala ambayo mke wangu alinikataza kuisema kwa sauti: nilikuwa namwomba Mungu uvundo.

Nilichota siku moja nikaona maramu iliyokuwa nyekundu imeanza kuwa ya kijivu, na baadaye ya kijani cheusi. Hiyo ni kutu iliyokwisha kupumuliwa. Mkono ukaenda kwenye kofia. Lakini uvundo haukuwepo, na maharagwe yalikuwa yameanza kukauka shambani.

Ilikuwa Jumapili. Nilikuwa nimealikwa kwenye kanisa lile la Kianjai, nikaketi mbele pamoja na wazee. Mhubiri alikuwa akieleza jinsi sadaka ya moyo mnyoofu inavyopanda juu kama harufu nzuri. Akaeleza vizuri sana, mikono imeinuliwa, na wakati huohuo ikaja kupitia dirisha la upande wa kisima harufu ya mayai viza. Ilikuja kidogo, kisha ikaja yote. Mhubiri alisita. Wazee walisogea kutoka kwangu, kwa kuwa nilikuwa mgeni. Mama mmoja alimtazama mtoto wake, mtoto akamtazama baba yake, baba akatazama dari. Kwaya walijificha nyuma ya vitabu vya nyimbo. Nami, Mungu anisamehe, nilisimama katikati ya mahubiri nikasema, "Bwana asifiwe," na kutoka nyuma kabisa sauti ya Mama Kendi ikajibu kabla ya watu wote:

"Wamemaliza nyama."

Mhubiri alidhani ni mambo ya chakula cha mchana na akafupisha mahubiri.

Tulipopima, urani ilikuwa imeketi tena katika pipa la maramu, vizuri kuliko mwanzo. Na maharagwe yakavunwa, na Afisa akaja na pikapu yenye mifuko ya simiti na mafundi wawili.

Daktari alimwonyesha matokeo. Aliyasoma, akashukuru, kisha akaomba aonyeshwe bakteria wenyewe. Daktari akamweleza kwamba hawaonekani kwa macho. Afisa akasema yeye ni mtumishi wa umma, hawezi kutia sahihi kwa ajili ya kitu kisichoonekana. Nilitaka kumkumbusha kwamba yeye pia ni mshirika wa kanisa, lakini Daktari alinikanyaga mguu. Kabla hatujamzuia alikuwa amefungua kifuniko cha pipa la kwanza na kuzamisha fimbo yake yote ndani, akakoroga. Akafungua la pili, akakoroga. La tatu vilevile. Kisha akatoa amri kwamba mapipa yakae wazi mpaka arudi wiki itakayofuata, kwa sababu mambo ya umma hufanywa kwa uwazi, na kama viumbe hao ni waaminifu watafanya kazi mbele ya watu. Urani ikirudi, kisima kinazibwa. Simiti ikawekwa stoo ya kanisa ingoje.

Alipoondoka, Mama Kendi aliingia jikoni kwake. Akaitoa mikanda yake ya zamani ya kubebea maji iliyokuwa imetundikwa humo, akaipangusa masizi, akaianika kwenye ua. Niliiona nilipokuwa natoka. Wajukuu wake walikuwa wakiichezea kwa kuivuta huku na huku.

Wiki hiyo nililisha bakteria bila furaha. Hata mbuzi walikuwa wanatembea polepole. Nilikuwa najua hewa imeingia, nilikuwa nimefundishwa na Bwana Njeru kwamba povu moja ni uongo mmoja, na hapa hatukuwa na povu, tulikuwa na mbingu yote.

Afisa alirudi, tukapima mbele yake. Pipa la chokaa: urani yote ilikuwa bado inatembea na maji. Pipa la mfinyanzi: kiasi kikubwa kimeamka. Daktari alipofika kwenye pipa la maramu alipima, akasafisha vyombo, akapima tena. Kisha akanipa mimi nisome, na miwani yangu ikajaa ukungu.

Urani ilikuwa imeketi palepale.

Daktari alichimbua kidogo kwa kijiko. Juu, ile maramu iliyokuwa imegeuka nyeusi ilikuwa imerudi kuwa nyekundu. Chini yake ilikuwa bado nyeusi. Hewa ilipoingia, akasema, ilikikuta chuma kwanza. Kile chuma ambacho bakteria walikuwa wamekipumua wiki zote zile kiliichukua hewa chenyewe, kikapata kutu upya, na urani iliyokuwa nyuma yake haikuguswa. Alituonya kwamba chuma nacho huchoka, na hatuwezi kuacha pipa wazi na kukitegemea milele. Lakini kwa wiki moja kilisimama mlangoni.

"Kwa hiyo ni ile maramu," Mama Kendi akasema.

"Ni ile maramu, Mama."

"Nilijua mgeni hawezi kumwagiwa maramu halafu mambo yaharibike."

Daktari alicheka mpaka akaketi kwenye lile jiwe lake. Upepo ukageuka, uvundo wa pipa ukamfikia Afisa sawasawa usoni, naye akarudi nyuma na kushika pua kwa vidole viwili. Mama Kendi akamwendea, akasimama karibu kabisa, bonde la paji likiwa mbele ya macho yake.

"Ziba hiyo pua, mheshimiwa," akamwambia. "Kisima chetu ukiache."

Naye Afisa, akiwa bado ameshika pua, akatia sahihi kwa mkono mwingine.

Siku hizi maji yale hupitia mapipa ya mchanga uliochanganywa na maramu, yote yamefungwa vizuri, kisha hupitia chujio la wazi mpaka uvundo uishe, na hupimwa kabla mtu hajanywa. Ile simiti ya kuziba kisima iliombwa na akina mama, na Afisa akaitoa; ndiyo iliyojenga jukwaa ambalo mapipa yamesimama juu yake. Mkienda Kianjai mtaikuta njia imemwagwa maramu, maana wageni sasa huja mara kwa mara kuangalia, na maua ya manjano yamezunguka jukwaa lote, nje ya mapipa. Mama Kendi ndiye mtembezaji. Huwaeleza wanafunzi wa vyuo habari za harusi, nyama na mukimo, nao huandika.

Mkifika, atawaletea mjukuu na kuwaambia mpapase paji lake. Papaseni. Msiwe kama Afisa. Mikanda mtaiona imerudi jikoni kwenye moshi, ila mmoja haupo: ule alinipa mimi nilipostaafu, nikaufungia mbuzi mmoja, yule aliyekuwa mbele kabisa katika msafara wa molasi, ambaye alikataa kurudi kwao na akanifuata mpaka nyumbani.